Ala Iliyotafunwa na Mbuzi

Kila siku, jua la Oklahoma likianza kulegea, gari la Corinna Tackett liliingia uani na Corinna akabaki ndani yake dakika mbili tatu, kichwa juu ya usukani. Alikuwa muuguzi wa kuwazungukia wagonjwa majumbani. Binti yake Maylene, mwenye miaka kumi na miwili, alikwisha kuzoea. Aliweka maharage na mkate wa mahindi mezani, akangoja.

Baada ya chakula alifika Mjomba Dewey, kaka yake Corinna, mchomeleaji mstaafu mwenye goti bovu. Pale Caddo Bend, mji wao, watu wengi hubeba bastola chini ya shati, na hakuna wa kuwashangaa. Lakini Dewey alishikilia kwamba kubeba ni jambo moja na kujua ni jingine. Tangu majira ya baridi, mtu asiyejulikana alipolizibia njia gari la Corinna kwenye barabara tupu ya Sandy Fork, ndugu hao walifanya mazoezi kila jioni.

"Risasi?" aliuliza Dewey.

"Kwenye mkebe wa biskuti, chumbani kwangu."

"Maylene?"

"Nimeziona, Mjomba. Na mlango nimefunga."

"Chemba?"

Corinna alifungua bastola, akatazama kitundu cha kukalia risasi, akapapasa kwa kidole. "Tupu."

Hapo ndipo aliposimama kuelekea ukuta wa matofali wa dohani. Alipandisha shati, akachomoa bastola, akalenga. Kisha ikaja kazi ya kuirudisha kwenye ala, ule mfuko wa ngozi unaovaliwa kiunoni.

"Kidole nje. Shati juu. Itazame ala kwa macho yako," alisema Dewey. "Haya, polepole. Kuichomoa huenda kukawa na haraka. Kuirudisha hakuna haraka hata siku moja."

Jioni ile ya Alhamisi Corinna aliisukuma bastola ndani ya ala, na wote watatu wakasikia kifyatulio kikilia: ta!

"Kidole, Corinna," alisema Dewey.

"Nilidhani nimekitoa."

"Ungedhani hivyo hivyo ukiwa chini, na paja limetoboka."

"Nimechoka, kaka. Leo nimemgeuza mzee Pruitt kitandani mara nne, peke yangu." Alirudia tena, na tena. Haikulia. "Umeona? Ukitulia unaweza," alisema Dewey. Lakini Corinna alikitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Maylene alikuwa akikwangua sahani iliyokwisha kutakata. Yeye alijua.

Jioni iliyotangulia, baada ya mazoezi, aliichukua ile ala bila kuomba, akatia ndani mkasi wa kukatia kwato. Alikuwa akimtengeneza mbuzi wake, Jenerali, kwa ajili ya maonyesho ya wilaya ya Jumamosi, na aliona raha kuwa na mkasi kiunoni kama mtu mzima. Kisha akaitundika ala uani na kwenda kuteka maji. Aliporudi, Jenerali alikuwa ameutia mdomo wa ala kinywani, anautafuna taratibu kama mzee asiye na meno. Maylene aliiosha, akaikausha karibu na jiko, akairudisha mahali pake. Ilionekana nzuri tu. Ila mdomo wake, uliokuwa mgumu, sasa ulikunjika ukiguswa.

Asubuhi ya Ijumaa, Corinna alijiandaa kwenda Sandy Fork. Alifungua mkebe wa biskuti, akajaza risasi, akasimama mbele ya matofali. Macho yake yalikuwa mekundu. Alipandisha shati.

"Mama! Usiichomeke!"

Corinna hakugeuka. Aliielekeza bastola kwenye matofali, akatoa risasi zote, akatazama, akapapasa, akaiweka mezani. Ndipo alipogeuka.

"Sema."

Maylene akasema yote: mkasi, Jenerali, jiko. Alilia, lakini hakuruka hata kipande.

Dewey alipoitwa alikuja akichechemea, fulana kaivaa kinyume. Aliichukua bastola tupu, akaisukuma ndani ya ala, kidole chake kikiwa mbali. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili ngozi ilikunjika kuelekea ndani, ikaingia mahali pa kidole, ikakibana kifyatulio. Ta!

"Kwa hiyo hakikuwa kidole changu," Corinna alisema, akaketi sakafuni.

"Hakikuwa, dada. Nimekusingizia. Nilikuhimiza uitazame ala, mimi mwenyewe nikasahau kuishika." Dewey akatoa kisu, akaipasua ala vipande viwili ili isivaliwe tena na mtu. "Na huyo Jenerali! Sijapata kusikia mbuzi anayetaka kumpiga risasi muuguzi."

Maylene alicheka huku kamasi zikimtoka. Mama yake hakucheka.

"Kesho huendi kwenye maonyesho," alisema. "Tutakwenda kwa fundi wa ngozi, wewe na mimi."

"Ndiyo, Mama."

"Na leo nakwenda bila bastola."

"Unakwenda na mimi," alisema Dewey. "Goti litalalamika, liache lilalamike."

Corinna alimvuta binti yake pale sakafuni. Alizungumza polepole, kama mtu anayehesabu pumzi zake.

"Ngozi ikilegea, naitupa. Mkono ukichoka, naupumzisha. Lakini jambo baya unalolijua wewe peke yako, mwanangu, nitajikinga nalo vipi? Kukosea utakosea, sote tunakosea. Ila ukikosea, niambie siku hiyo hiyo, hata kama nimerudi nimechoka. Hasa kama nimerudi nimechoka."

Jumatatu jioni waliketi tena, maharage yameliwa, ala mpya ipo mezani.

"Risasi?" aliuliza Dewey.

"Kwenye mkebe."

"Chemba?"

"Tupu."

Akamgeukia Maylene. "Ala?"

Maylene aliibonyeza mdomo kwa vidole gumba viwili, kwa nguvu zake zote.

"Ngumu, Mjomba. Na Jenerali nimemfunga."