Damari na Seli Zilizozimika

Kila Jumamosi Damari alifua sare zake za shule asubuhi na mapema, kisha akavaa sweta na kuongozana na mama yake mdogo, Devota, kwenda maabara ya utafiti jijini Mbeya. Damari alisoma darasa la sita. Jumamosi moja Devota alikuwa akichunguza kama dawa mpya ya kifua inadhuru seli za mapafu.

Seli hizo zilikuwa hai, zimetiwa dawa hiyo na rangi inayong'aa. Hadubini kubwa ilizimulika kwa leza, tabaka moja baada ya jingine, na picha zikatokea kwenye kompyuta: vidoa vya kijani vikisogea taratibu gizani.

"Mama mdogo, zinatembea!"

"Ziko hai, mwanangu. Ndiyo maana tunazimulika kwa mwanga hafifu. Usiguse kitu, namwita Dokta Sosthenes."

Picha ilikuwa na ukungu kidogo. Devota alipotoka, Damari akatamani kuona vizuri zaidi. Akashika kipanya, akaongeza mwanga mpaka mwisho. Lo! Seli ziling'aa kama nyota. Aliposikia hatua mlangoni, akaupunguza haraka.

Devota na Dokta Sosthenes, mkuu wa maabara, walipotazama, seli zilikuwa zimejikunyata. Wakasubiri zisogee. Wapi!

"Dawa hii ni sumu," Dokta Sosthenes alisema, akivua miwani. "Tuiache, Devota."

Devota alikuwa ameihangaikia dawa ile tangu Damari hajaanza shule. Machozi yakamlengalenga.

Damari akamtazama. Akinyamaza, nani angejua?

"Siyo dawa," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi. Niliongeza mwanga mpaka mwisho. Nisameheni."

"Damari! Si nilikukataza?"

"Subiri, Devota," Dokta Sosthenes alisema. "Mwanga mkali huua seli. Tuandae nyingine."

Wakaanza upya. Damari aliketi mbali, mikono mapajani. Hadi jioni, seli zenye dawa zilikuwa bado zinatembea. Moja ikajibana katikati, ikagawanyika, zikawa mbili. Devota akacheka kwa sauti.

Walipokuwa wakifunga mlango, Devota alimshika Damari bega.

"Umekaidi, kwa hiyo Jumamosi ijayo utabaki nyumbani. Lakini ungenyamaza, tungeitupa dawa ambayo huenda ikaokoa watu. Kosa lililosemwa tunalirekebisha, mwanangu. Lililofichwa linatupoteza sote."