Kisanduku cha Rahabu Chakosa Tundu

Rahabu haoni tangu utotoni, lakini barua zote za kikundi cha wakulima wa mboga pale Lushoto huziandika yeye. Kompyuta ya kikundi imeungwa na kisanduku cha sauti. Yeye akiandika, kisanduku kinamsomea. Kinasoma Kiswahili kama Mzungu aliyeshuka jana, ila Rahabu amekizoea.

Mwaka 2004 kompyuta ile ilianza kuzimika ovyo. Mwenyekiti, Mzee Shabani, na kamati yake wakanunua mpya bila kumwambia Rahabu. Walimwonea huruma, wakasema wasimsumbue. Ile kuukuu wakaiacha dukani Tanga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Mashine mpya hiyo!"

Rahabu akapapasa nyuma ya mashine. Akapapasa tena. Alikuta vitundu vidogo bapa tu. Waya wa kisanduku chake una kichwa kipana, cha mtindo wa zamani.

"Mzee, kisanduku changu nakichomeka wapi?"

Mzee Shabani akatazama waya, akatazama mashine.

"Basi pumzika kwanza," akasema kwa upole. "Mwenzetu Hawa wa kwenye kamati ataandika badala yako."

Upole ule ulimuuma Rahabu kuliko tusi. Kwa kazi ile watu walimwita katibu. Bila kazi ile angerudi kuitwa yule kipofu wa kijiji cha Shume.

"Macho sina, Mzee, lakini kazi naiweza. Hapa kilichokosekana ni tundu. Naomba tumwite fundi."

Akaja Efrazia, fundi wa kompyuta pale mjini. Alichungulia nyuma ya mashine, akacheka kidogo.

"Wenye viwanda wanaondoa matundu ya zamani," akaeleza. "Kwa anayeona si neno, atanunua kipanya kipya. Lakini kisanduku kama hiki hakipatikani kila duka. Tundu likiondoka, sauti yake imeondoka."

"Sasa tufanyeje?" akauliza Mzee Shabani.

"Kuna waya wa kubadilishia, ila si kila kifaa kinaukubali. Heri kadi yenye tundu la zamani. Inapachikwa ndani ya mashine. Lakini Mzee, mngemuuliza mtumiaji kabla ya kununua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Mzee Shabani akainamisha kichwa. Aliona haya, na ilimpasa.

"Nisamehe, mwanangu. Nilidhani nakusaidia."

Kadi ikaagizwa kutoka Tanga. Efrazia akaipachika, akachomeka waya, akajaribu. Kisanduku kikatamka "Lushoto" kwa lafudhi yake ya ajabu. Rahabu akacheka hadi machozi. Jioni ile barua tatu zilikuwa tayari.

Mwaka uliofuata kikundi kilihitaji kompyuta ya pili. Mzee Shabani akashuka Tanga pamoja na Rahabu. Muuza duka akamgeukia Mzee.

"Huyu dada anataka mashine ya namna gani?"

"Mgosi, bwana wee, unaniuliza mimi?" Mzee Shabani akajibu. "Mimi nimembebea mkoba tu. Igeuze mashine, katibu aikague."

Rahabu akanyoosha mikono.