Jina la Ugonjwa kwenye Bili

Nyumbani kwa Valérie, mkimbizi anayeishi Glenwood, Afrika Kusini, siku huanza na kidonge. Kabla ya chai, kabla ya sare za shule, binti yake Diane humeza dawa. Diane ana miaka tisa, na ana kifafa. Lakini neno hilo halitamkwi ndani ya nyumba ile. Wao husema "kichwa". Kichwa kiko sawa leo? Kiko sawa, mama.

Valérie aliogopa midomo ya watu. Kanisani walikuwapo waliosema kifafa ni pepo, na wengine waliosema kinaambukiza. Mwaka jana mtoto alianguka ndani ya teksi ya abiria wengi wakienda kwa daktari Westville. Abiria wakamkimbia kama wameona nyoka. Valérie alilia njia nzima.

Ndiyo maana alifurahi sana daktari alipokubali kumwona Diane kila mwezi kwa simu ya video. Mtoto anakaa kitandani pake, daktari anamtazama, anamuuliza maswali, anarekebisha dawa. Kwa miezi mitatu Diane hakuanguka hata mara moja.

Halafu bima ikakataa kulipa. Bima hiyo ilitoka kazini kwa mumewe, Sébastien, anayepanga makontena kule Bluff. Ujumbe ulisema miadi yote mitatu hailipwi. Ofisi ya daktari nayo ikasema miadi ya nne haitakuwepo mpaka bili zilipwe.

Sébastien alisema simu si hospitali, na bima hailipi maongezi. Tena mkimbizi hagombani na ofisi, alisema, maana ukigombana wanakuja kukuuliza karatasi zako. Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha. Valérie akaikumbuka teksi ile.

Ghorofa ya chini anaishi Anaïs, ambaye kazi yake ni kuandika bili katika ofisi moja ya madaktari. Wiki zilipita Valérie akisitasita. Mwishowe alimpelekea bili zile. Anaïs alizisoma, akaipigia bima simu kuuliza, kisha akaguna.

"Nani alisema mtoto anaumwa kichwa?"

Valérie akatazama sakafu. Ni yeye mwenyewe. Daktari aliujua ukweli, lakini bili huandikwa na karani. Karani alipouliza mtoto anaumwa nini, Valérie alijibu kichwa, na karani akaandika kichwa. Aibu hiyo, jamani, inaweza kumfunga mtu miguu yote miwili.

"Mama Diane, sikia," Anaïs alisema. "Simu haina shida. Nimeuliza: bima yenu inalipa simu ya video kama daktari ameandikishwa hapa South Africa, na huyu ameandikishwa. Shida iko hapa. Bima yenu ni ya bei ndogo, maumivu ya kichwa hailipi. Kifafa ni kitu ingine. Serikali iko na orodha ya magonjwa ya kudumu. Bima ya aina yenu lazima iyalipe, na kifafa iko ndani. Kila ugonjwa una namba yake kwenye bili. Wewe uliwapa namba ya kichwa."

Akamweleza na mengine. Bima ikikataa bili lazima itoe sababu, na kuna siku sitini za kuirekebisha. Ikikataa tena, unaiandikia malalamiko. Ikikaa siku thelathini bila kukujibu vizuri, unakwenda kwa baraza la serikali linalosimamia bima. Baraza hilo hushughulika na bima, si na vibali vya wakimbizi.

"Na watu wa bima watamwambia nani?" Valérie aliuliza.

"Hakuna mtu. Sheria inalinda siri yako. Lakini neno lenyewe utalisema wewe, dada."

Kesho yake Valérie alipiga simu. Alipiga, akakata. Akapiga tena. "Mtoto wangu ana kifafa," alimwambia karani. "Tafadhali, andika kifafa."

Karani alisema sawa. Basi, ni hivyo tu. Daktari alijaza fomu ya kumwandikisha Diane kwenye orodha ya magonjwa ya kudumu. Bili zikaandikwa upya na namba sahihi. Zilipotumwa, zilikuwa zimebaki siku tisa tu kati ya zile sitini.

Wiki tatu baadaye ujumbe ukaingia. Miadi yote mitatu imelipwa. Valérie alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Na Sébastien, yule asiyegombana na ofisi, aliwasomea ujumbe wenzake wote kazini utadhani aliyepiga simu ni yeye. Wiki hiyohiyo Diane alimwona daktari wake kwa mara ya nne, akiwa kitandani pake.

Jumapili, kwenye maombi ya akina mama, ulifika wakati wa shukrani. Valérie akasimama.

"Mtoto wangu Diane ana kifafa," alisema. "Si pepo, na haiambukizi. Dawa inamsaidia, daktari anamwona kwa simu, na bima inalipa. Namshukuru Mungu, na Anaïs."

Valérie akaketi bila kuinamisha kichwa.

Baada ya maombi, kiongozi wa kwaya, Marie-Louise, ambaye Valérie alimwogopa kuliko wote, alimvuta pembeni. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Wangu pia," alisema. "Miaka sita sasa tunawaambia watu ni malaria."

Valérie akamshika mkono, akamwambia aje kesho na bili zake zote.