Bustani ya Mboloko

Treni ya mizigo ilipowasili Kindu, Kasanda alimaliza zamu yake stesheni akarudi nyumbani na njaa yake. Alimkuta mkewe Bitota mlangoni, jembe mkononi, amejaa hasira.

"Mboloko wamekula karanga yote! Hakuna jani hata moja!"

Mboloko ni swala mdogo wa msituni. Kumtazama ni mzuri, lakini shambani hana adabu hata kidogo. Bitota alikuwa amepanda nusu ya mbegu alizoachiwa na marehemu mama yake kule Kasai. Sasa kilibaki kikapu kimoja tu. Nacho kikiliwa, mbegu ya mama imekwisha.

"Kesho nitatega kamba," Kasanda akasema.

"Weye? Mwaka jana kamba yako ilikamata mbuzi ya pasta!"

Jirani yao Mama Kalume alisikia, akacheka mpaka akajishika mbavu. Yeye alifanya kazi kwenye shamba la michikichi.

"Muwape chakula yao," akasema. "Kule kwa kazi tunapanda pueraria, majani ya kufunika udongo. Mboloko wanayapenda sana. Mupande kando ya pori, pale wanapotokea, mbali na karanga."

Akawapa mbegu. Mvua za Septemba zilikuwa zimeanza. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya usafi ya mtaa mzima, Kasanda alichimba mashimo akazizika mbegu kavu, kama mtu anayepanda karanga. Wiki tatu zikapita. Hakikuota kitu.

"Mbegu hii iko na ngozi nguvu," Mama Kalume akaeleza. Akatia mbegu nyingine ndani ya sufuria, akazimwagia maji ya moto.

"Mama! Unapika mbegu!" Kasanda akapiga kelele, akaikimbilia sufuria.

"Acha mukono, citoyen! Maji nimeyatoa kwa moto, hayachemki tena. Ngozi italainika. Zilale humo mpaka asubuhi."

Asubuhi mbegu zilikuwa zimevimba. Wakazipanda kwa mistari, wakazifunika kwa udongo kidogo tu, si zaidi ya upana wa kidole. Wakazungusha ua wa matawi, ili mboloko wasile majani yakiwa machanga.

Baada ya siku chache Kasanda alirudi mbio. "Zimeota! Bitota, kuya uone! Zimeota!"

Bitota alipalilia mara mbili. Miezi minne baadaye majani yalifunika udongo wote, wakafungua ua.

"Mukate pembeni, yasipande juu ya miti wala kuingia kwa karanga," Mama Kalume akasema. "Lakini musikate mpaka chini, yaote tena. Na kamba, hapana! Mukiwatisha hapa, watarudi kwa karanga."

Februari Bitota alipanda kikapu cha mwisho.

Karanga zilipoota, Kasanda alimwita kwa ishara asubuhi moja. Mboloko watatu, mmoja mdogo sana, walikuwa wanatafuna pueraria. Bitota akakimbia kutazama karanga zake. Majani machache tu yalikuwa yameguswa. Akalia kwa furaha palepale.

Juni walivuna vikapu vitano. Bitota alijaza kwanza kikapu cha mama yake, akakifunga vizuri kwa ajili ya mbegu. Kisha akamwaga karanga nyingine ndani ya sufuria na kuinua birika la maji ya moto. Akamtazama mumewe.

"Mwaga, Mama!" Kasanda akacheka. "Hizi njo za kupika!"