Lugha ya Mama Mkwe

Jamani, nisikilizeni. Mimi fundi cherehani nimepakana ukuta na nyumba ya mjane mmoja, kwa hiyo siwapi umbea.

Asubuhi moja mjane huyo alikuwa kibarazani akichambua mchele na mkwewe, mke wa mwanawe mdogo. Walikuwa wakicheka kwa lugha ya kwao mjane. Mkwe si wa kabila lile, lakini miaka sita jikoni na mama mkwe si mchezo. Lugha aliidaka yote, pamoja na nyimbo na heshima zake.

Akatokea mwana mkubwa, tuliyembandika jina Mwenyekiti kwa kupenda vikao.

"Shemeji, kesho kuna kikao cha ukoo. Wewe utabaki nje. Mila zetu ziko kwenye damu, na damu hiyo wewe huna."

"Sawa, shemeji," alijibu, machozi yakimlengalenga.

Mjane akamfokea mwanawe kwa lugha ya nyumbani. Mwenyekiti akakodoa macho. "Mama, sema Kiswahili bwana!"

Haya, mlinzi wa mila huyo! Tangu wakiwa shule yeye na mdogo wake waliikataa lugha ya mama yao, wakiiona ya kishamba. Iliniuma sana.

Kumbe mjane alikuwa na kidonda mguuni, akikificha. Asubuhi ya kikao homa ikampanda, tukamkimbiza zahanati sote. Daktari akatayarisha sindano, akamwuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Homa ilikuwa imemfutia Kiswahili chote. Akawa anausukuma mkono wa daktari, akilia kwa lugha yake.

"Mama anasemaje?" daktari akauliza.

Wana wakatazamana. Mwenyekiti akasema, "Anaogopa sindano tu. Mchome, dokta."

"Usimchome!" Mkwe alipenya katikati yetu. "Anasema alipokuwa msichana alichomwa sindano ya kidonda, akavimba koo, akakosa pumzi, nusura afe!"

Akamwinamia mgonjwa, akamwuliza taratibu kwa lugha ile ile, akajibiwa, akamweleza daktari. Daktari akaiweka sindano chini.

"Ingemuua hii," alisema, akabadilisha dawa.

Mwenyekiti aliketi sakafuni, akalia mbele ya watu. "Shemeji, nisamehe. Ningemuua mama yangu kwa mdomo wangu."

Siku ya tano mjane akarudi nyumbani kwa miguu yake, nasi mtaa mzima tukampokea kwa vigelegele. Kikao akakiitisha mwenyewe. Akamketisha mkwe kando yake, akatangaza: wanawe watafundishwa lugha kila Jumapili, na mwalimu ni huyo huyo waliyemtoa nje. Sasa Mwenyekiti na ndevu zake anasahihishwa kama mtoto wa chekechea, na anakubali! Mimi husikia ukutani, nafurahi hadi naacha kushona.

FUNZO

Kabila mtu huzaliwa nalo. Utamaduni hufundishwa, na asiyejifunza hana, hata ukoo wake uwe mrefu vipi. Ndugu zangu, tuwafungulie mlango waliokuja kwetu na kuyapenda ya kwetu. Nanyi mnaojivunia damu, nendeni leo mkaongee na mama zenu, wangali wanaweza kuwajibu.