Kisanduku cha Chiriku

Jirani yetu mmoja, msusi, alifunga saluni mapema Jumamosi moja akaenda na dada yake mkubwa kununua kisanduku cha kuhifadhia picha na video za familia. Ulikuwa mchana wa kawaida, watu wamejaa madukani. Simu yake ilikuwa imejaa hadi inagoma kupokea ujumbe, na mteja yeyote aliyethubutu kumshauri afute video kidogo alinuniwa hadi nywele zikaisha kusukwa. Angefuta vipi? Humo ndimo alimobaki Chiriku, binti yake wa pekee, aliyefariki kwa homa akiwa na miaka sita. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu ya mdomo wake, maana mtoto yule hakuwa na breki. Mama mtu alikuwa akiogopa simu isije ikatumbukia majini, akamzika mwanawe mara ya pili.

Muuza duka alikuwa mvumilivu. Aliwaonyesha vya diski moja na vya diski mbili, akaeleza jinsi kisanduku kinavyounganishwa na intaneti ya nyumbani, kila simu ya familia ikamimina picha zake humo. Msusi alipenda kimoja cheupe, kidogo, kisichopiga kelele. Dada mtu akakikataa. Akachagua viwili vyeusi vya aina moja, kimoja cha kila nyumba, vinavyonakiliana vyenyewe, ili moto au mwizi akipita huku, kule kubaki salama. Msusi akaona kweli dada yake ana akili.

"Ila mjue, kinachobadilika kwenye kimoja kinabadilika na kwenye kingine," muuza duka alisema. "Wekeni nakala ya tatu kando, isiyounganishwa na kitu."

Dada akacheka, akasema huyu anataka kuuza tu. Ilipofika zamu ya kuandikisha mmiliki mkuu, msusi alimsogezea kibodi bila kuwaza. Tangu wazazi wao waondoke, dada ndiye aliyemwandikisha shule, akamwandikisha hospitali, na hata saluni ilikuwa kwa jina lake. Katika familia ile mdogo hakuwa na saini. Dada akaandika neno la siri huku amekinga vidole kwa kiganja. Hakumwambia mdogo wake, naye hakuuliza.

Video zote zikahamia. Msusi alizifungua kwenye runinga, Chiriku akajaa sebule nzima kwa maneno yake, mama akalia machozi ya raha. Kisha akaisafisha simu, ikabaki nyepesi.

Kitu cha kwanza kilikuwa kidogo. Katika video ya Chiriku akijifunza kufunga kamba za viatu, msusi ndiye aliyeshika simu, na alikumbuka vizuri alivyokuwa akimwelekeza. Sasa sauti iliyotoka nyuma ya simu ilikuwa nzito zaidi. Ilikuwa sauti ya dada. Akajiambia ni spika za runinga.

Halafu ikaja picha ya siku ya kwanza ya shule. Yeye ndiye aliyesimama getini amemshika mtoto mkono. Gauni lilikuwa lile lile la kijani, lake. Uso ulikuwa wa dada. Alimpigia dada simu, naye akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akamwambia kwamba amechoka, kwamba uchungu unamchezea akili, akapumzike. Msusi akamwamini. Angemwamini nani mwingine?

Jumanne hakukuwa na wateja. Alirudi nyumbani mchana, akafungua video aliyoipenda kuliko zote, ile fupi, ya Chiriku akiamka na kumwita mama yake. Mtoto akafumbua macho. Hakuita. Alimtazama msusi kutoka kwenye kioo cha runinga, kwa macho ya mtoto aliyeachwa mikononi mwa mgeni.

"Nataka kwa mama," akasema.

Taa za kisanduku zikaanza kumetameta. Kitanda kwenye video kikabaki kitupu. Akafungua nyingine. Tupu. Nyingine. Kamba za viatu zililala sakafuni, hakuna mtoto.

Alikimbia peku hadi kwa dada yake, mtaa wa pili, jua likiwa bado utosini. Alipofika mlangoni alisikia miguu midogo ikikimbia ndani. Akabisha. Miguu ikasimama. Dada akafungua mlango kidogo tu, akauzuia kwa bega.

"Dada, nani yumo humo?"

"Ongea polepole, utamtisha."

"Nani?"

Dada alimtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomkata maini. "Miaka yote nimetandika kitanda kisicholaliwa na mtoto," akanong'ona. "Wewe ulipewa, ukashindwa kumtunza. Ukamfungia kwenye simu. Mimi nimempa nyumba."

Kiganja kidogo kikashika ukingo wa mlango kwa ndani. "Mama, huyo ni nani?"

"Ni mama yako mdogo," dada akajibu bila kugeuka. "Anaondoka sasa hivi."

Mlango ukafungwa taratibu.

Sisi majirani tulikuja kwa vilio vyake, tukauvunja. Hakukuwa na mtu, na nyumba ile haina mlango wa nyuma. Dada yule hajaonekana tena mpaka leo. Fundi aliyefungua visanduku vyote viwili alisema diski ni mpya, hazijawahi kuandikwa kitu. Kilichomuuma msusi si mashine. Kilichomuuma ni kwamba mkono uliomwibia mwana ndio uliomlea.

Jioni wanawake walimsaidia kuoga. Akapitisha kiganja chini ya kitovu, pale kwenye mshono wa upasuaji aliojifungulia Chiriku. Akaurudisha. Akapapasa tena. Ngozi ilikuwa laini, haina hata alama.

Tukamwita mkunga, yule yule aliyempokea mtoto siku ile. Alimpima kwa muda mrefu. Mwisho akamfunika vizuri kwa khanga, akaketi kando yake.

"Mwanangu," akamuuliza kwa sauti ya chini, "nani kakwambia umewahi kuzaa?"