Zamu ya Mgongo

Glovu ya kusugulia mwili ilikataa kukauka. Zhor aliianika juu ya paa tangu Ijumaa, na Alhamisi iliyofuata, siku yake ya kwenda hamamu, bafu la mvuke la mtaani, aliikuta imelowa na inanuka sabuni nyeusi, kana kwamba kuna mtu ametoka kuoga nayo. Aliikamua akaitupia ndooni. Alikuwa amechoka mno hata kushangaa.

Mfumaji wa mazulia kama yeye huumwa pale pale siku zote, katikati ya mgongo, chini kidogo ya mabega. Hamamuni, visigino alijisugua mwenyewe kwa jiwe. Mgongo ulikuwa kazi ya dada yake, Rqia, na Rqia alifariki wakati wa mavuno ya zeituni. Zhor alijaribu burashi ya mpini mrefu, lakini burashi si mkono wa mtu.

Hata hivyo, siku hizi alikuwa anasuguliwa. Kwenye chumba cha joto kali, povu likiwa limemjaa machoni, sauti ya kike humwita bibi kwa heshima, "Geuka, Lalla," naye hugeuka. Hamamuni wanawake husuguana migongo bila kuulizana majina.

Siku hiyo Batoul, mhudumu wa hamamu, alimvuta pembeni mlangoni.

"We Zhor, nani anakusugua humo ndani?"

"Si hao wenzetu."

"Wenzetu gani? Juma lililopita nilikuona peke yako, glovu inatembea mgongoni yenyewe!"

"Usinitishe, Batoul."

"Na wewe umeshamsugua?"

"Hajaniomba."

"Ataomba. Hawa majini wa mferejini hawasahau zamu yao, na ukishaanza kumsugua mmoja hutoki." Akamtia chumvi kiganjani. "Akikugusa tu, sema bismillahi, mmwagie. Yote, usimwonee huruma."

Zhor aliogopa, tena sana. Aliingia amefumba ngumi, akaketi, mvuke ukazidi, sauti za wanawake zikafifia moja moja hadi akabaki kusikia maji tu yakinywewa na mfereji, kisha ikaja harufu ya nywele zilizoungua, kisha glovu ikamgusa, ikashuka polepole, ikapita mabega, ikatua pale pale panapouma, pale ambapo Rqia alipajua bila kuelekezwa, na machozi yakamtoka.

"Kidogo tu," alijinong'oneza. "Kidogo, halafu namwaga."

Ngumi ikalegea. Maji yakaichukua chumvi.

"Haya, Lalla," ikasema sauti. "Sasa mimi."

Glovu ikavishwa mkononi mwake, na mbele yake ukageuka mgongo mpana, mweusi, wenye joto. Zhor akaanza mabegani, akateremka, akitafuta kiuno ili amalize aende zake.

"Zhor!" Batoul aliita kutoka mlangoni. "Zamu ya wanawake imekwisha! Uko wapi?"

"Nakuja," alijibu kwa uchovu. "Namalizia mgongo."

Mkono wake ulikuwa bado unashuka, na kiuno kilikuwa hakijaonekana.